Kwa Nini Barzilai Alileta Vitanda Kwanza

Naikumbuka siku moja ya jua kali, mwanangu, shangazi yangu Raheli aliponikatiza kusoma na kuniuliza swali ambalo nusu yake sijaijibu mpaka leo. Acha kukunja hizo nguo kwanza, uje ukae hapa. Boti ya Rumonge haiondoki leo. Na huo mdomo ulioununisha tangu Jumapili urudishe mahali pake, maana mimi sizungumzi na mtu aliyenuna, hata awe mjukuu wangu mwenyewe.

Wakati huo hatukuwa Ujiji. Tulikaa ufukweni, kusini kidogo ya Kagunga, kijiji ambacho barabara yake ilikuwa ni ziwa. Ukitaka chumvi, unapanda mtumbwi. Ukitaka daktari, unapanda mtumbwi na unaomba. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi wa kwanza kutoka Burundi, siyo hawa wa juzi uliowaona wewe. Mama yako alikuwa bado hajazaliwa. Mimi nilikuwa msichana, shule nimemaliza, nasubiri nione maisha yatanipeleka wapi, na kazi yangu ya kila mchana ilikuwa kumsomea Shangazi Maandiko, kwa sababu macho yake yalikwisha kuingia ukungu.

Usidhani ilikuwa kazi nyepesi. Shangazi Raheli alikuwa na maswali, jamani! Unasoma habari za Petro kuacha mtumbwi akamfuata Bwana, wewe umeshafika mbali, yeye anasema, "Simama hapo. Huyo Petro alikuwa na mkwe, kwa hiyo alikuwa na mke. Jioni ile mkewe alikula nini?" Unasoma Nuhu, anauliza nani alikuwa anazoa mavi ya wale wanyama. Unasoma Zakayo yuko juu ya mti, anataka kujua alishukaje mtu mfupi vile, tena tajiri, na kanzu yake. Mwinjilisti wetu alikuwa mtu mpole sana, lakini akimwona Shangazi anaongozwa kuelekea kwake baada ya ibada, anavua miwani na kuanza kuipangusa hata kama haina vumbi.

Nilimuuliza kwa nini anasumbua hivyo. Akaniambia, "Hawa walikuwa watu, wewe mtoto. Waliumwa matumbo, walikosa kuni. Ukiwasoma kama picha ya ukutani watakusaidia nini?" Kisha akarudi kuchambua maharage yake kwa vidole, akitoa vijiwe ambavyo mimi mwenye macho nisingeviona.

Basi wakimbizi wakaja. Walikuja kwa mitumbwi, wengine wamefika na ndugu zao kundi zima, wengine wamefika mmoja mmoja hawajui aliye hai na aliyekufa. Walilala kanisani mpaka mabenchi yakatolewa nje. Baadaye vijana wakawajengea vibanda vya nyasi karibu na mto. Kina mama wa kanisa walikubaliana kuchanga unga wa muhogo, na dagaa, na mawese kidogo, na kila baada ya siku kadhaa wakagawa. Mkubwa wa kina mama hao alikuwa mama yangu mzazi. Na hatukuwa na kingi, ujue hivyo. Muhogo ule ulikuwa wa chakula chetu wenyewe. Mama alikuwa anapima unga kwa kopo, na kopo lilipoanza kukwangua kitako cha beseni alikuwa anahesabu watu waliobaki.

Miongoni mwao alikuwamo mwanamke mmoja kijana, Godeliva, aliyekuja peke yake na mtoto mgongoni. Mumewe alibaki kule, na alivyobaki hakutaka kusema. Mtoto aliitwa Leonidasi. Ndiyo, huyo huyo, subiri. Wengine wote walipokuwa wanaanza kupata nguvu, watoto wao wanakimbia mchangani, huyu wa Godeliva alizidi kukonda. Miguu kama vijiti vya kuchokolea moto. Mwishowe aliacha kulia, na mtoto akiacha kulia namna ile, mama yeyote mwenye akili anaogopa.

Sasa watu wakaanza kujiuliza unga anaopewa huyu dada unakwenda wapi. Mmoja akasema amemwona akibeba bakuli lake lililojaa kwenda mwisho wa kijiji, nyumbani kwa Sesilia, mama mmoja ambaye hakuwa wa kanisa letu. Mwingine akasema kweli, na mimi nimemwona. Anakwenda na bakuli limejaa. Unga unabaki kwa Sesilia. Si unajua maneno yanavyokwenda? Jioni yalikuwa yamekuwa hadithi kamili: Godeliva anauza unga wa kanisa, na mtoto wake anamwacha na njaa. Kina mama wakakaa. Wakasema Jumapili ijayo asipewe tena, apewe mtu atakayemlisha mtoto wake. Na mtoto je? Mmoja akasema achukuliwe, alelewe na familia nyingine, yule mama hafai.

Nilimwona Mama aliporudi kutoka kwenye kile kikao. Hakuwa na furaha. Alikaa jikoni akisugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Kesho yake mchana nikaenda kwa Shangazi kama kawaida. Tulikuwa tumefika kwenye habari za Daudi akimkimbia mwanawe Absalomu. Unaijua, mfalme mzima anakimbia nchi yake kwa miguu, analia, amejifunika kichwa, mtu mmoja anamtupia mawe njiani. Akavuka Yordani na watu wake wote wamechoka hoi. Ndipo wakaja wazee wa upande ule wa mto kumpokea, na mmoja wao aliitwa Barzilai, mzee sana, mtu wa uwezo wake. Nikasoma vitu walivyoleta: vitanda, na mabakuli, na vyombo vya udongo, halafu ngano, na unga, na kunde, na asali, na kondoo.

"Simama hapo," Shangazi akasema.

Nikashusha pumzi. Nilijua.

"Kipi kilianza?"

"Vitanda, Shangazi."

"Halafu?"

"Mabakuli na vyungu."

"Unga?"

"Unga umekuja baadaye."

Akaacha kuchambua maharage. "Watu wana njaa. Wametembea jangwani, wana kiu. Mzee mwenye akili zake anawaletea kitanda? Anatanguliza chungu kitupu, chakula kinafuata nyuma? Kwa nini?"

"Sijui, Shangazi. Labda ndivyo mwandishi alivyoandika tu."

"Kaulize."

"Nikamuulize nani? Daudi?"

"Si kuna wakimbizi wamejaa pale mtoni? Wao wamevuka maji wanakimbia, na Daudi alivuka maji anakimbia. Nenda kamuulize mmoja wao. Na usirudi na jibu la kubuni, nitakujua."

Ndivyo alivyokuwa. Basi nikaenda, na sikufichi, nilikwenda moja kwa moja kwa Godeliva kwa sababu na mimi nilikuwa na swali langu moyoni. Sikuwa namshitaki. Nilitaka tu kujua. Yale maneno ya kina mama hayakuniingia vizuri, kwa maana nilimwona mara nyingi anavyomshika yule mtoto, na mtu anayemshika mtoto vile hauzi chakula chake.

Nilimkuta mbele ya kibanda, mtoto mapajani. Nikamsalimu, nikakaa chini. Yeye alisema Kirundi, mimi Kiha, tukaelewana bila shida, lugha zile ni ndugu. Nikamwambia, "Mama Leonidasi, shangazi yangu kipofu amenituma na swali la ajabu, usinicheke." Nikamsimulia Daudi na Barzilai. Nikamuuliza, kama angekuwa yeye ndiye amevuka ule mto, angetaka aletewe nini kwanza.

Alicheka kwanza. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia anacheka. Halafu kicheko kikageuka, akaanza kulia, machozi yanamdondokea mtoto kichwani.

"Inkono," akasema.

Chungu. Kwa Kiha tunasema hivyo hivyo. Nikamwangalia, nikaangalia ndani ya kibanda. Palikuwa na bakuli moja na kanga moja. Mwanangu, nilikuwa nimepita mbele ya kibanda kile kila siku na sikuwahi kuona kwamba hapakuwa na mafiga wala moshi.

Akanieleza. Wale waliokuja na ndugu zao walikuwa na chungu kimoja cha ukoo, wakapika pamoja. Yeye hakuwa na ukoo pale. Siku ya kwanza alipopewa unga alikaa nao mkononi hajui aufanye nini. Akazunguka kijiji, akampata Sesilia aliyekubali kumpa chungu na moto, ila kwa sharti kwamba unga wagawane nusu kwa nusu kila anapopika. Na Sesilia naye usimlaumu haraka, alikuwa mjane ana watoto wake wanataka kula. Kwa hiyo Godeliva alikula nusu ya alichopewa, na siku Sesilia akienda shambani hakupika kabisa. Alimlowekea mtoto unga kwenye maji ya ziwa, na tumbo la mtoto likakataa.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

Akajipangusa kwa kanga. "Nimepewa chakula na watu wasionijua. Nikisema tena sina chungu, si watasema huyu hatosheki?"

Nilirudi mbio. Nikampitia Mama kwanza jikoni, nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa amesimama, akasema, "Kina mama wameshaamua. Siwezi kuwageuzia maneno mimi peke yangu nikiwa jikoni. Litasemwa Jumapili, mbele ya wote." Halafu nikaenda kwa Shangazi. Nilidhani atafurahi kupata jibu la swali lake. Akasukuma maharage yake pembeni. Akauliza, "Chungu changu cha maharage kiko wapi?"

Jumapili baada ya ibada kina mama wakakusanyika nje ya kanisa na beseni la unga. Wakimbizi wakajipanga. Godeliva alikuwa mwisho, na nadhani alikwisha kusikia, kwa sababu alisimama kama mtu anayesubiri kufukuzwa, mtoto amemkumbatia kwa mikono yote miwili. Kabla Mama hajasema neno, Shangazi Raheli akaja, mimi nimemshika mkono, na chungu chake kichwani. Kile cha maharage. Cheusi chini kwa moshi wa miaka mingi, mdomo wake laini kwa kushikwa.

"Wifi," Mama akasema, "na hicho chungu unakwenda wapi?"

"Naleta mchango wangu."

"Chungu kitupu?"

"Unga si mnao ninyi?" Akaniambia kwa sauti ndogo nimfikishe kwa Godeliva. Nikamfikisha. Akakishusha, akakiweka miguuni pa Godeliva, akageukia kule alikosikia sauti za kina mama. "Ninyi mnaompa huyu unga tangu alipofika, hebu niambieni, mlifikiri anaupikia kwenye kiganja?"

Nilisikia mtu mmoja nyuma anasema, "Ee Mungu wangu."

Mama ndiye aliyemjibu kwanza. "Na wewe, wifi? Utapikia nini?"

"Mimi? Sipiki tena. Kuanzia leo nakula kwako."

Basi watu walicheka! Walicheka mpaka wale wakimbizi wasiojua kinachoendelea nao wakacheka. Mama alitaka kukasirika, nilimwona, uso ukaanza kujikunja, halafu akashindwa. Akaweka kopo chini, akaenda akakaa mchangani pale pale kando ya Godeliva na nguo zake za Jumapili, akamchukua mtoto. Akamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Tulijua kugawa, hatukujua kuuliza." Akalia hadharani mama yangu, mtu ambaye sikuwahi kumwona analia hata msibani kwa baba yake.

Kabla ya jioni watu walikuwa wanapita mtoni na masufuria yaliyotoboka na kuzibwa, na miiko, na mikeka. Sesilia mwenyewe alileta mafiga na kuni. Na Leonidasi? Wiki chache tu akaanza kulia tena, kelele ambazo kijiji kizima kilizifurahia. Shangazi alikula kwa Mama mpaka alipokufa, na sijui kama ilipita siku bila kulalamika kuwa wifi yake hajui kuweka chumvi.

Baadaye serikali ikawachukua wakimbizi, wakapelekwa mbali kwa garimoshi, kwenye mapori waliyopewa walime. Godeliva alikuja kuaga na chungu kichwani, akitaka kukirudisha. Shangazi akakataa. Godeliva akasema, "Siku Mungu akinirudisha kwetu nitajenga nyumba, na nitakuja kukuchukua, Mama Raheli. Utakaa kwangu, utakula kwangu." Shangazi akaniambia nimsomee yule dada mwisho wa habari za Barzilai. Nikamsomea vile Daudi alivyorudi kwenye ufalme wake akamwita yule mzee aende naye Yerusalemu akatunzwe huko. Barzilai akamwambia mfalme kwamba amezeeka, ulimi wake hauonji tena chakula, masikio yake hayasikii tena waimbaji, kwa nini awe mzigo? Aachwe afe karibu na kaburi la baba na mama yake. Ila yupo kijana wake Kimhamu, huyo ndiye aende mahali pake.

"Nami hivyo hivyo," Shangazi akasema. "Lakini nitakutafutia Kimhamu."

Hakumpata. Alikufa, na Mama akafa, na mimi nikaolewa huku Ujiji, nikazeeka. Nikadhani yamekwisha. Mpaka mwezi uliopita, wewe ulikuwa sokoni, mzee mmoja mnene amesimama mlangoni, ana mvi, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kanga kama anabeba mtoto. Akasema, "Shikamoo, Mama. Natafuta yule msichana aliyetumwa kuuliza swali." Alikuwa Leonidasi. Nilikuwa nimemjua akiwa na miguu ya vijiti!

Mama yake alirudi kwao Rumonge, kule Burundi, akiwa mzee, akajengewa nyumba na mwanawe, akafia ndani yake. Aliacha agizo: Raheli atafutwe, na kama hayupo, atafutwe msomaji wake, aletwe akae kwao ale kwao. Unajua nilivyomjibu. Nilimwambia sukari na chumvi kwangu sasa ni kitu kimoja, kwaya nasikia nusu tu, na makaburi yangu yako upande huu. Nikamwambia lakini ninaye mjukuu, ana mikono mizuri na kazi hana. Akafurahi. Ana mahali pake pa kutengenezea sabuni za mawese, atakufundisha kazi yote. Ndiyo maana unafunga nguo. Hukuuzwa wala hukufukuzwa, kama unavyowaambia wenzako pale dukani, nilisikia.

Naona bado unaogopa. Ogopa tu, si dhambi. Daudi aliogopa.

Sasa nikuachie niliyo nayo. Wanadamu wa Maandiko usiwasome kama watakatifu wa kwenye picha, waulize maswali, na Mungu hatakukasirikia kwa kuuliza. Shangazi aliuliza maisha yake yote na alikufa anaomba. Ukitaka kumsaidia mtu, kaa chini kwanza umuulize anakosa nini, hata kama unadhani umeshajua, maana sisi tulikuwa watu wema, tunasali, tunatoa, na tulikaribia kumnyang'anya mama mtoto wake. Ukikosa kitu ugenini, sema. Usifanye kama Godeliva ukafa na haya yako. Na siku utakapolipwa wema ambao si wewe uliyeutenda, kama hivi sasa, pokea kwa adabu, ukumbuke aliyeutenda, kisha umtafute na wewe mtu wa kumpa.

Chungu hiki hapa, Leonidasi alikiacha. Ufa ule mdomoni ni wa safari, bado kinapika. Nimekifunga mwenyewe kwa nguo zako za zamani, ukibebe mapajani, usikiweke chini ya mizigo ya watu. Huko Rumonge hatakosekana aliyefika jana hana pa kupikia.

Ila liko jambo moja utanifanyia. Chungu nilielewa, kitanda sijaelewa mpaka leo. Kwa nini Barzilai alitanguliza vitanda? Sikuwahi kumuuliza Godeliva, na mimi mwenyewe sijawahi kulala ugenini kama mtu asiye na pengine. Wewe utalala. Usiku wa kwanza katika nyumba ya watu wasio wako, wakishakutandikia, sikiliza moyo wako unasema nini, halafu mchana uchukue simu uniambie. Nitakuwa nangoja.

Njoo, inamisha kichwa. Mungu wa Barzilai akutangulie juu ya maji haya, aliyemvusha Daudi akuvushe na wewe. Akupe watu watakaokuuliza kabla ya kukuhukumu, akupe na ulimi wa kuwauliza wengine. Usikose moto, usikose wa kula naye, na kitanda watakachokutandikia ukilale kwa amani. Amina. Haya, endelea kukunja, na hilo gauni la kijani ulilokunja vibaya lirudie.